Watajulishwa na Mimi

Chumba cha Ushonaji,
Juu ya duka la vifungo,
Mlango wa pili.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kama si mzima kabisa basi angalau una nguvu za kugomba, maana siku utakayoacha kugomba ndiyo siku nitakayopanda basi la kwanza nije kukuona. Presha inasemaje? Vidonge unameza vyote, au bado unavikata nusu eti vidumu? Na lile goti la kushoto?

Huku sisi wazima, isipokuwa mgongo wangu, ambao kila nikiinuka kwenye cherehani unalalamika kuliko wateja. Binti yangu amemaliza mwaka wa kwanza wa uuguzi. Tangu apewe ile saa ya kubandika kifuani hakuna mtu anayekohoa humu ndani bila kushikwa mkono na kuhesabiwa mapigo. Juzi kamhesabu fundi wa umeme aliyekuja kurekebisha taa, masikini, akatoka anajiuliza kama atafika kwake.

Shangazi, kabla hujaendelea. Ndani ya bahasha hii kuna karatasi ya pili, imekunjwa mara nne na kushonwa pande zote kwa uzi mweusi. Usiifungue. Wewe ndiye uliyeniita Sindano nilipoletwa kwako likizo nikiwa na miaka saba, kwa ajili ya ulimi wangu, nami nakujua wewe kwa papara yako, ndiyo maana nimeishona mishono midogo midogo ambayo hata kwa meno hutaiweza. Soma kwanza barua hii yote, ukiwa umekaa, umeshameza dawa, na yule jirani yako muuza magazeti awe karibu. Nitakuambia mwenyewe wakati wa kukata uzi.

Habari yenyewe inamhusu baba yako.

Najua. Ulinikataza kumtaja mbele yako, na miaka yote nimekutii. Ulikuwa na miaka tisa alipokwenda kufanya kazi ya uashi kule mji wa pili, na baba yangu, mdogo wako, alikuwa na sita. Hakurudi. Baba yenu mdogo, Karani, akafunga safari kumtafuta, akarudi na maneno yaliyotuvunja: kwamba kaka yake amechukua ujira wake wa mwisho na kuondoka na mwanamke, hakuna ajuaye wapi. Tangu siku ile mkawa watoto wa Mtoro, nasi tuliozaliwa baadaye tukawa wajukuu wa Mtoro. Ile picha moja aliyopiga na Bibi mlangoni ninayo mimi. Ina tundu pale ulipomkata uso kwa mkasi wa Bibi, ulipokuwa na miaka kumi na sita. Naielewa ile hasira, Shangazi. Nimeirithi nzima nzima.

Sasa sikiliza ilivyoanza.

Mwezi wa kwanza alikuja hapa chumbani Mwenyekiti, mtoto wa Karani, yule aliyejipa uenyekiti wa ukoo bila mtu kumpigia kura. Alitaka suti ya vipande vitatu na pazia. Suti ni ya kuvaa siku ya kuzindua jiwe la kumbukumbu kwenye ukuta wa ile nyumba kubwa, na pazia ni la kulifunika jiwe mpaka avute kamba mbele ya wageni. Nikampima. Kiuno kimeongezeka inchi nne tangu suti ya mwisho, nikaziandika zote kwa sauti. Nikamuuliza jiwe litaandikwa nini. Akatoa karatasi mfukoni akanisomea kama anayesoma hotuba: "Nyumba hii ilijengwa na Marehemu Karani, nguzo ya ukoo wetu."

Nikamwambia nyumba ile ilijengwa na babu yangu, kwa mikono yake mwenyewe, kila mtu anajua alikuwa mwashi. Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniudhi. Akacheka kidogo akanipigapiga bega: "Mama, nyumba ni ya aliyebaki. Mtoro hajengewi sanamu." Kisha akaniomba siku hiyo watu wa upande wetu tukae viti vya nyuma, ili wageni rasmi wapate nafasi mbele.

Nilikata kitambaa chake siku ile ile, na nakwambia kweli, hasira yangu ya kwanza haikuwa kwa Mwenyekiti. Ilikuwa kwa babu. Nilimchukia yule mzee kwa kutuachia aibu ya kubeba mbele ya mtu kama huyu. Nikaapa nitatafuta alikokimbilia, nilijue kaburi lake, nilitemee mate. Ndiyo, mwanao ana moyo huo.

Nikaenda kwenye jengo la kumbukumbu, ambako madaftari ya sensa za zamani yamefunguliwa kwa watu baada ya miaka sitini. Mtunza kumbukumbu ni mwanamke mrefu mwenye koti la kijivu na viatu visivyo na sauti. Aliliweka daftari la mtaa wetu juu ya mto mdogo kama mtoto mchanga, kisha akanitazama vidole. "Dada, humu hatulambi kidole kufungua kurasa." Nilikuwa nimeshakitia mdomoni.

Sensa hiyo ilifanywa Agosti, mwaka ule ule aliopotea babu. Na karani wa sensa wa mtaa wetu alikuwa nani? Karani mwenyewe. Unakikumbuka kile cheti cha Karani Bora wa Sensa kinachoning'inia sebuleni mpaka leo ndani ya kioo? Aliinua mkono akala kiapo mbele ya mkuu wake, akapewa mfuko wa ngozi na kalamu, akazunguka nyumba kwa nyumba. Nyumba yetu hakuhitaji kubisha hodi, aliijaza mezani kwake bila kumwuliza Bibi hata neno moja. Yuko pale mkuu wa kaya, yaani yeye mwenyewe, mkewe, na mtoto wa miezi mitano, ndiye huyu Mwenyekiti. Chini yao Bibi, shemeji. Wewe, miaka tisa. Baba yangu, miaka sita. Babu hayumo. Nikajisemea, naam, mtoro hahesabiwi, nikataka kufunga.

Ni yule mama wa koti la kijivu aliyenizuia. Akasema watu wengi husahau nyuma ya fomu. Nikageuza. Nyuma kulikuwa na swali: katika kaya hii, nani amefariki ndani ya miezi kumi na miwili iliyopita? Na Karani, kwa mwandiko wake ule uliolala upande mmoja, alijibu. Mmoja. Mwanamume. Miaka thelathini na minne. Uhusiano na mkuu wa kaya: kaka. Mahali alipofia: hospitali ya mji wa pili. Mwezi: Februari.

Shangazi, Karani alikuwa na kaka mmoja tu.

Nilisoma mara nne. Mama yule akaniletea glasi ya maji, akaiweka mbali na daftari, akasimama karibu yangu mpaka nilipoweza kuinuka.

Utauliza, mtu aliyetudanganya sisi sote kwa nini aliandika kweli pale? Nimelifikiria hilo siku nyingi nikikanyaga cherehani. Kumbuka alivyokuwa akijigamba kila ukoo ukikutana: "Mimi katika maisha yangu sijawahi kuandika uongo kwenye karatasi ya serikali." Tulikuwa tukimcheka pembeni. Kumbe alikuwa anasema kweli, mshenzi yule. Kwa mdomo angeweza kukuzika ukiwa hai, lakini fomu aliiogopa kuliko alivyomwogopa Mungu. Alijua hakuna mtu wa nyumba ile atakayewahi kugeuza ukurasa.

Na sababu yake iko wazi kama jua. Kaka akifa, nyumba ni ya mjane na watoto. Kaka akitoroka, nyumba ni ya kutunzwa mpaka arudi. Si ndivyo alivyosema miaka yote? "Mimi natunza tu. Mwenyewe akirudi nitamkabidhi." Akawahamishia ninyi chumba cha uani, kisha chumba cha uani akakipangisha. Na siku ya harusi yako akasimama mbele ya wakwe akasema huyu hana baba wa kumtoa, namtoa mimi kwa huruma. Kwa huruma, Shangazi! Ulihamia mbali mwaka huo huo na hujakanyaga huku tena. Bibi yeye mpaka anakufa hakukubali mtu afunge komeo la mlango wa uani.

Kikulacho ki nguoni mwako. Mimi ninayeshona nguo ningepaswa kulijua hilo mapema.

Nikapanda basi, kutwa nzima, mpaka mji wa pili. Ofisi ya makaburi ya manispaa ni chumba kimoja chenye kaunta na kabati la chuma lisilofunga vizuri. Mhudumu wa pale ni mtu mnene mwenye huruma, ila ana tabia ya kuweka kikombe cha chai juu ya marehemu wa watu. Nikampa mwezi na mwaka. Akatafuta nusu saa, akanigeuzia daftari la maziko, akaondoa kikombe. Nimeunakili mstari ule herufi kwa herufi, naye akagonga muhuri. Unasema hivi, baada ya jina lake lote:

"Namba 412. Mwanamume, miaka 34, mwashi. Ameanguka kutoka jukwaa la mbao kazini, amefariki siku ya tatu hospitalini. Safu ya saba, kaburi la kumi na tisa. Maiti imechukuliwa na: mdogo wake. Ameacha: mke na watoto wawili. Watajulishwa na: mimi."

Na sahihi. Ile yenye mkia mrefu aliyokuwa akiiweka kwenye kadi zetu za ripoti za shule.

Watajulishwa na mimi. Aliandika hivyo, akakausha wino, akapanda basi akarudi, akakukuta umekaa kizingitini unamngoja baba yako, akakuambia amekukimbia.

Nilikwenda kuliona kaburi. Kuna kigingi cha chuma chenye namba 19, na nyasi. Nilikuwa nimeapa kutema mate pale, unakumbuka. Mate yalinikauka. Nilipiga magoti nikakifuta kigingi kwa mkono wa koti langu, nikamwomba msamaha kwa maneno ambayo sitayaandika. Halafu nikasimama, na hasira yote niliyokuja nayo nikaigeuza ikatazama nyumbani.

Binti yangu nilipomsimulia aliniambia, "Mama, hasira hasara, mwachie Mungu." Nikamwambia Mungu ameshafanya sehemu yake, amelitunza daftari miaka sitini na miwili bila kuliwa na mchwa. Sehemu iliyobaki ni ya fundi.

Pazia nikalishona safu mbili. La nje mahameli nyekundu iliyoiva, kama alivyoagiza, na nyuzi za dhahabu pembeni, kazi safi ambayo hata wewe ungekosa pa kuitia kasoro. La ndani marikani nyeupe, na juu yake nikatarizi kwa uzi mweusi ule mstari wa daftari la maziko, kuanzia jina mpaka sahihi. Ule mkia mrefu ulinichukua asubuhi nzima. La nje nililitundika kwa pete zinazoachia kamba ikivutwa. La ndani nililifunga kwenye misumari yenyewe. Nikaenda kulitundika mwenyewe siku moja kabla, na mke wa Mwenyekiti akanisifu kwamba ninajituma.

Basi Jumamosi ya wiki mbili zilizopita tukakaa viti vya nyuma kama tulivyoamriwa. Wageni walikuwa kama themanini. Mwenyekiti, ndani ya suti yangu, alizungumza mpaka watu wakaanza kujipepea kwa ratiba. Alitaja uaminifu mara sita, nilihesabu. Kisha akavuta kamba akiwa amewageukia watu, ili wapiga picha wampate usoni. Mahameli ikaanguka vizuri sana. Watu wakapiga makofi, kisha makofi yakapungua, yakabaki ya watu wawili, yakaisha.

Yeye alidhani wanashindwa kusoma. Na kwa kuwa hana tabia ya kuvaa miwani mbele ya kamera, akamwambia yule mwalimu mstaafu, mliyesoma naye darasa moja, aliyekaa mstari wa mbele, "Mwalimu, hebu tusomee kwa sauti, na wa nyuma wasikie."

Na mwalimu, aliyekuwa amekwishaanza kusoma kwa macho, akasimama akasoma. Alisoma yote. Sauti yake ile ya kusomea majina ya waliofaulu haijapungua hata kidogo. Alipofika "ameacha mke na watoto wawili", mke wa Mwenyekiti akafunika mdomo. Alipofika "watajulishwa na mimi", akalitaja jina la mwenye sahihi, akakaa.

Mimi nikasimama huko nyuma nikasema neno moja tu, nililokuwa nimelitunza: kwamba babu yangu si mtoro, yuko safu ya saba, kaburi la kumi na tisa, anayetaka kuthibitisha nauli ya basi anaijua. Tukachukua viti vyetu tukatoka. Nilifurahi, Shangazi. Sitakuongopea kwamba nilihuzunika au nilimwonea huruma. Nilifurahi mpaka binti yangu akanishika mkono akaanza kunihesabia mapigo.

Za mwizi arobaini, wanasema. Za huyu zilikuwa nyingi zaidi, lakini zilitimia.

Siku ya tatu yake, mchana, Mwenyekiti alipanda ngazi zangu. Hakuwa na tai. Akakaa kwenye kile kigoda cha wateja wanaosubiri kukunjiwa suruali, akaniomba niende nikaliondoe lile pazia, maana mkewe anakataa kuligusa na watu wanapita barabarani wanasimama kusoma. Akasema nimemdhalilisha mtu aliyekwishalala. Mtenda akitendewa hudhani kaonewa! Nikamuuliza kama alikuwa hajui.

Akasema alijua. Siku walipomzika Karani alifungua sanduku lake la karatasi akakuta kibali cha mazishi cha kaka mtu, kimekunjwa vizuri ndani ya barua ya kupongezwa kwa sensa. Miaka ishirini na moja iliyopita. Baba yangu alikuwa hai bado, Shangazi. Alikuwa anakaa mitaa miwili kutoka kwake, anavuta miguu, anamtukana baba yake kila akilewa na kumlilia kila akizinduka. Huyu mtu alikuja kwenye mazishi ya baba yangu amevaa koti nililomshonea mimi, akasimama kichwani pa kaburi, na karatasi ile iko kabatini kwake.

Nilishika mkasi wa kukatia, nikaurudisha mezani taratibu. Nikamwambia pazia litashuka kwa sharti moja. Baba yake aliandika kwamba mjane na watoto watajulishwa na yeye. Mjane amekufa hajajulishwa. Mtoto mmoja amekufa hajajulishwa. Amebaki mmoja, ana miaka sabini na moja, anakata vidonge vyake nusu. Kama amerithi nyumba, arithi na kazi iliyobaki. Ajulishe.

Nikampa karatasi na kalamu, nikamwondolea vipande vya nguo kwenye kona ya meza. Ya kwanza aliianza kwa "Kutokana na sababu zilizokuwa nje ya uwezo wa wazee wetu". Nikaichana. Ya pili ilisema baba yake alikuwa na nia ya kuwalinda ninyi dhidi ya uchungu. Hiyo nayo nikaichana, vipande vidogo zaidi. Akaanza kulia. Shangazi, chumba hiki kimejaa vitambaa, vimefika mpaka chini ya cherehani, na sikumpa hata kimoja. Alijifuta kwa mkono wa shati, akavuta karatasi ya tatu, akaandika bila kuinua kichwa. Mwandiko wake ni ule ule wa baba yake, umelala upande mmoja. Alipofika mwisho akaniuliza aandike ametoka kwa nani. Nikamwambia aandike "mimi".

Karatasi hiyo ndiyo niliyoishona. Ina mistari mitano. Nilihakikisha hakuna hata neno moja la kujitetea.

Pazia nimelishusha, nimetimiza ahadi yangu, nalitunza kabatini. Jiwe amelibandua mwenyewe, ukutani pamebaki mabaka manne ya saruji. Sasa anatuma watu, mara mwalimu, mara mkewe, kuniambia yuko tayari kuzungumza habari za nyumba. Nimewajibu nyumba ina siku yake, na mazungumzo yake hayaanzi mpaka mwenye baba awe amekaa kiti cha mbele. Wanasema pia nimsamehe. Sijamsamehe, na ukinitumia barua ya kunisihi nitaitumia kukatia ruwaza ya kola. Yeye ana afya, anaweza kungoja. Sisi tumeshajua kungoja.

Lakini wewe usijilaumu kwa lile tundu la picha. Ulikuwa mtoto, ulikata ulichoelekezwa kukata. Nimefuatana na fundi wa mawe mpaka safu ya saba, ameshasawazisha udongo na kusimamisha jiwe, la kawaida, la kijivu. Halina neno. Nimemwambia mwenye maneno anakuja. Basi la huko kwenu lina siti za mbele zenye nafasi ya goti, nimeuliza, na binti yangu yuko tayari kuja kukuchukua, ila ujiandae kupimwa njia nzima.

Nisalimie sana jirani yako muuza magazeti, umwambie ahsante kwa kukaa nawe leo. Nisalimie yule mpangaji wako mpiga zumari, na wajukuu wote, hasa yule mtundu. Binti yangu anakuamkia. Mwalimu mstaafu naye kasema nisisahau salamu zake, anasema ulikuwa hodari wa hesabu kuliko wavulana wote.

Mungu akushike mkono usiku na mchana, akupe pumzi ndefu, na machozi utakayolia leo yawe ya mwisho ya aina yake.

Sasa chukua mkasi wa Bibi. Najua unao, ulikwenda nao. Ule ule uliomkatia baba yako uso, ukatie huo uzi. Usome polepole. Halafu uniruhusu mimi niwe wa kwanza kukuambia neno ambalo ulipaswa kuambiwa ukiwa na miaka tisa:

Pole, Shangazi. Pole sana kwa kufiwa na baba.

Anayekupenda bila kupungua, mtoto wa mdogo wako, mjukuu wa mwashi,

Sindano